Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Mwezi Huwa Mwekundu Unapopatwa?

Swali: Ndugu Mhariri, usiku wa tarehe 7 Septemba 2025 tulikaa barazani tukitazama mwezi ukipatwa. Sehemu iliyotangulia kufunikwa ilionekana nyeusi kabisa, lakini mwezi ulipoingia wote kivulini, badala ya kutoweka uligeuka rangi ya shaba. Ikiwa dunia imelikinga jua, wekundu huo unatoka wapi, na kwa nini haukuonekana tangu mwanzo? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Ndugu msomaji, wekundu ule haukuwa wa mwezi wenyewe. Ulitoka katika hewa ya dunia, hii hii tunayoivuta, na bila hewa hiyo mngeona jambo tofauti kabisa. Kivuli kamili cha dunia huenea angani kwa urefu wa kilomita milioni 1.4 hivi, na mwezi uko umbali wa wastani wa kilomita 384,000 tu. Hapo unapopita mwezi, kivuli hicho bado kina upana wa kilomita 9,000 hivi, ambao ni zaidi ya mara mbili na nusu ya kipenyo cha mwezi. Kwa hiyo, laiti dunia ingekuwa mwamba mtupu usiozungukwa na hewa, kuanzia saa 2:30 hadi saa 3:52 usiku ule mwezi ungetoweka machoni penu.

Hewa hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Nuru ya jua ina rangi zote ndani yake, na inapopita kwenye ukingo wa dunia hulazimika kukata mamia ya kilomita za hewa, ambamo chembe ndogo mno za naitrojeni na oksijeni huitawanya huku na huku nuru yenye mawimbi mafupi, yaani zambarau na buluu, kwa nguvu inayokaribia mara kumi ya ile inayotumika kuitawanya nyekundu. Nuru inayofaulu kutokea upande wa pili huwa imekwisha kupoteza buluu yake, na hiyo ndiyo sababu ya wekundu wa jua linapochwa. Maelezo mengi huishia hapo, nami naona humwacha msomaji katikati ya njia, kwa kuwa nuru hiyo nyekundu, kama ingeendelea kwenda moja kwa moja, ingepita kando ya mwezi bila kuugusa. Kazi ya pili ya hewa ni kuipinda. Hewa ya chini ni nzito kuliko ya juu, hivyo nuru inayopita ndani yake huinama kuelekea upande wa dunia, kwa kiasi cha nyuzi moja hivi karibu na uso wa ardhi. Kipimo hicho ni kidogo, lakini katika umbali wa mwezi kinatosha kabisa kuiingiza nuru hadi katikati ya kivuli.

Mtu ambaye angekuwa juu ya mwezi usiku ule angeiona dunia ikiwa nyeusi, imezungukwa na duara jembamba la nuru nyekundu, nayo ni nuru ya kila mahali duniani ambako jua lilikuwa likichomoza au kuchwa saa hiyo. Si jambo la kubuni. Chombo cha Marekani kiitwacho Surveyor 3 kilipiga picha za duara hilo kutoka mwezini mwezi wa Aprili 1967, na tarehe 14 Machi 2025 chombo kingine, Blue Ghost, kilishuhudia tukio kama hilo kikiwa kimetua huko.

Kuhusu weusi wa mwanzo, wekundu ulikuwapo tayari, ila hafifu. Mwezi uliopatwa kikamilifu hufifia mara maelfu kadhaa kuliko mwezi mpevu wa kawaida, na maadamu sehemu yake bado inaangazwa na jua, mng'ao wa sehemu hiyo hulizidi jicho nguvu, likashindwa kuitambua nuru dhaifu iliyo kando yake. Mng'ao ulipokwisha, macho yenu yalipata nafasi ya kuiona rangi.

Swali: Je, wekundu huo hulingana kila mara? Wazee wetu husema kwamba mwezi ukikolea wekundu au weusi ni dalili ya vita au kifo cha mtu mkubwa. (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Haulingani, na hapa ndipo jambo hili linaponivutia zaidi. Mwaka 1921 mwanaastronomia Mfaransa André Danjon alipendekeza kipimo cha kuanzia 0, mwezi unapokaribia kutoonekana, hadi 4, unapong'aa kwa rangi ya shaba au chungwa. Tofauti hiyo hutegemea kwa kiasi fulani jinsi mwezi unavyozama ndani ya kivuli, lakini hutegemea sana mawingu, vumbi na majivu yaliyomo katika hewa ya dunia wakati huo. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulilipuka mwezi wa Juni 1991 na kurusha mamilioni ya tani za gesi ya salfa hadi tabaka za juu za hewa. Mwaka mmoja na nusu baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 10 Desemba 1992, mwezi ulipatwa kikamilifu ukawa mweusi kupita kawaida, kwa kuwa utando wa matone ya asidi uliotokana na gesi hiyo ulikuwa bado umetanda. Weusi ule ulikuwa habari ya volkeno iliyokwisha kutulia, wala haukutabiri lolote.

Ukitazama kwa darubini, utaona pia ukanda wa rangi ya buluu kwenye ukingo wa kivuli. Nuru inayoufikia ukingo huo imepita juu zaidi, katika tabaka la ozoni, na ozoni hunyonya sehemu ya rangi ya chungwa na nyekundu.

Kuhusu vifo, Waislamu wa pwani huswali sala maalumu mwezi unapopatwa, na Mtume Muhammad (S.A.W.) mwenyewe alifundisha kwamba jua na mwezi havipatwi kwa ajili ya kifo wala uhai wa mtu yeyote. Alilisema hilo siku jua lilipopatwa, siku aliyofariki mwanawe Ibrahim, ili watu wasiyahusishe mambo hayo mawili.

Swali: Je, ni salama kuutazama kwa macho matupu? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Ni salama kabisa, hata kwa darubini. Hatari iko katika kulitazama jua linapopatwa. Mwezi utapatwa kikamilifu tena mbele ya macho ya watu wa Afrika Mashariki tarehe 31 Desemba 2028, kuanzia baada ya saa 1 usiku hadi karibu saa 2 na nusu, nao utachomoza ukiwa tayari umeanza kufunikwa. Mkadirie wekundu wake kwa kipimo cha Danjon, mtuandikie mmeupa namba gani.