Je, gesi ya AC inaweza kupoza inveta ya gari la umeme?

SWALI: Habari Mhandisi. Mimi ni fundi wa AC za magari, na sasa najifunza magari ya umeme. Inveta nyingi ninazoziona, yaani vifaa vinavyogeuza umeme wa betri uwe wa kuendesha mota, hupozwa kwa maji yenye glaikoli, ilhali AC imo humo humo garini na gesi yake ni baridi kuliko hayo maji. Kwa nini wasichepushe bomba moja la gesi hadi kwenye inveta?

JIBU: Inawezekana, fundi. BMW i3 iliyotoka 2013 ilipoza betri yake kwa gesi ya AC yenyewe, ikipita chini ya moduli za seli. Lakini inveta si betri, na ubaridi unaousema wala si faida kubwa ya gesi.

Chukua inveta inayotoa kilowati 100 huku kilowati 3 zikipotea kama joto. Joto hilo lote huzaliwa ndani ya chipu chache ndogo. Chipu za silikoni huvumilia hadi nyuzi 150 au 175, kutegemea aina, kwa hiyo kipozeo cha nyuzi 60 kinafaa kabisa. Kazi ngumu ni kulitoa joto jingi upesi kwenye eneo dogo, na hapo gesi hushinda kwa sababu hufika ikiwa kimiminika chini ya shinikizo, kisha inachemka. Kilo moja ya maji ya glaikoli ikipanda nyuzi 5 hubeba kilojuli 17 hivi. Kilo moja ya R-134a, gesi mojawapo ya AC za magari, ikichemka kwenye nyuzi 60 hunywa karibu kilojuli 139, na halijoto yake haipandi. Hata ukiruhusu nusu tu igeuke mvuke, gramu 43 kwa sekunde zinatosha kwa kilowati zako 3. Maji yangehitaji gramu 176. Tena chipu ya mwisho njiani hupozwa karibu sawa na ya kwanza, jambo ninalolithamini sana, maana chipu zinazogawana mkondo zikitofautiana joto, moja huchakaa kabla ya wenzake.

Sasa hilo bomba lako la kuchepusha. Kompresa italazimika kufanya kazi hata abiria hawataki AC, na kuondoa kilowati 3 kunaweza kuila betri kilowati 1 nzima. Gesi ikiwa baridi mno, umande nao hutua kwenye sehemu zenye umeme mkubwa. Njia ninayoipendelea ni pampu ndogo inayosukuma kimiminika kutoka kondensa (panapogeuzwa mvuke kuwa kimiminika) hadi kwenye inveta na kukirudisha, kompresa ikiwa imezimwa. Maabara ya Oak Ridge huko Tennessee, Marekani, iliijaribu njia ya namna hii kwa R-134a, kondensa ikitumika pamoja na AC.

Ninachokiogopa zaidi ni kukauka. Dereva akikanyaga pedali ya mwendo ghafla, mvuke ukizidi, utando wa kimiminika juu ya sahani ya kupozea hutoweka na chipu hupanda joto kabla pampu haijawahi kuongeza kasi. Sahani yenyewe nayo lazima istahimili shinikizo: kwenye nyuzi 60, R-134a ina takriban bar 17. Gesi ikivuja, unapoteza AC na mwendo wa gari kwa pamoja.

Na kwa kuwa utashika spana mwenyewe: mfumo wenye kompresa ya umeme mkubwa kwa kawaida hutiwa mafuta ya kompresa ya aina ya POE, yaliyoainishwa na mtengenezaji. PAG ya kawaida, mafuta uliyoyazoea kwenye AC za magari mengine, hupitisha umeme, na kiasi kidogo tu kikiingia kinaweza kuharibu insulesheni, yaani kinga inayozuia umeme kuvuja.