Ukienda mapango ya Dambulla, chukua soksi

Mara ya kwanza nilipanda Dambulla, hekalu la Kibudha lililo mapangoni katikati ya Sri Lanka, nikafika juu saa sita mchana. Lilikuwa kosa. Viatu huvuliwa getini, na kutoka hapo unakanyaga mwamba mtupu uliopigwa jua tangu asubuhi. Nyayo ziliniungua, nikapita mbele ya sanamu zile zote nikiwaza miguu tu. Kesho yake nilirudi.

Kwa hiyo vaa soksi nene, panda asubuhi mapema. Tiketi nunua chini kabla ya kuanza ngazi. Mabega na magoti yafunikwe. Mimi doti moja ya kanga ilinitosha. Chakula kifiche, tumbili wananyakua. Na usipige picha ukiwa umeipa sanamu ya Budha mgongo: kwa wenyeji huo ni utovu mkubwa wa adabu, na hapa ni mahali pa ibada hadi leo.

Mapango ni matano. La kwanza lina Budha aliyelala, mita 14, aliyechongwa kutoka mwamba uleule, nyayo zake zimepakwa rangi nyekundu. Chumba ni chembamba, hivyo unamtazama kipande kipande.

La pili ndilo la kukaa. Inasimuliwa kwamba mfalme Valagamba alikimbilia mapango haya alipopokonywa kiti chake Anuradhapura, mji mkuu wa wakati huo, karne ya 1 kabla ya Kristo, na aliporudi madarakani akayafanya hekalu kwa shukrani. Usilipite haraka. Keti sakafuni, kunja miguu nyayo zisielekee sanamu, ngoja macho yazoee giza. Polepole dari linajitokeza: michoro imefuata kila bonde na kila nundu ya jiwe, hata unadhani umeketi chini ya kitambaa kilichotandazwa. Mingi ilichorwa upya karne ya 18, enzi za wafalme wa Kandy.

Kisha sikiliza. Maji hudondoka kutoka darini hadi kwenye chungu kilichozungushiwa uzio, nayo hutumika kwa ibada tu. Siku ya kwanza, kwa kelele za makundi, sikuyasikia kabisa. Asubuhi ile ya pili tulikuwa wawili, mimi na mama mmoja mwenye mavazi meupe. Aliweka maua ya yungiyungi mezani, akaunganisha viganja, akainama. Tone likaanguka. Hakuinuka upesi, nami nikabaki nimeketi.