Kabla hujasukuma faili la mtengenezaji wa chipu kwenye GitHub

Wadogo zangu mnaoandika programu za vifaa hapa Tanga, wiki hii nimekutana tena na mradi mzuri uliotangazwa kuwa ni GPL toleo la 2 (leseni ya programu huria inayompa kila anayepokea haki ya kutumia, kubadili na kugawa), kumbe folda ya madereva, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa, imejaa mafaili ya mtengenezaji wa chipu yenye masharti yake mwenyewe. Nawapenda, lakini hili linanichosha. Maneno yale ya juu ya faili yanasomwa kabla ya kukopi.

1. Kupakua bure si ruhusa ya kugawa. Hakimiliki haingoji usajili, na faili lisilo na leseni yoyote ndilo la kuogopa zaidi.

2. Tafuteni sharti la "kwa chipu zetu tu". Leseni ya vipengele 5 ya Nordic Semiconductor huanza kama BSD, leseni huru yenye masharti machache, na msomaji mwenye haraka huishia hapo. Kipengele cha 4 kinataka programu itumike na chipu zao pekee. Ni haki yao. Ila GPL toleo la 2, kipengele cha 6, hairuhusu kumwongezea anayepokea masharti mengine, na cha 7 kinafunga mlango: ukishindwa kutimiza masharti ya GPL na hayo mengine kwa pamoja, usigawe kabisa.

Kuna vijana wa Sahare walitengeneza kipimajoto cha masanduku ya barafu ya samaki. Walichukua mfano wa kampuni moja wenye sharti la aina hiyo, wakauunganisha na kodi ya GPL ya watu wengine, hivyo hata kujiongezea ruhusa maalumu ya kuchanganya leseni hizo mbili wasingeweza. Kifaa kilifanya kazi vizuri. Kisha mtu wa mkoa mwingine akataka kuihamishia programu kwenye chipu ya kampuni nyingine, akauliza kama faili lile anaruhusiwa kulitumia. Hakuruhusiwa. Wakalifuta kwa komiti mpya, yaani badiliko jipya lililohifadhiwa, wakapumua. Lakini Git, programu inayotunza historia ya kodi, haisahau. Kila aliyeklon, yaani aliyenakili mradi mzima, alilipata kwenye historia. Ikabidi waisafishe historia kwa git filter-repo, zana ya kuiandika upya, namba za komiti zikabadilika, na nakala zilizokwisha kuchukuliwa na watu zikabaki huko huko. Kuandika dereva upya kutoka kwenye datashiti, waraka wa maelezo ya chipu, hakukuwa kugumu, rejista zenyewe (sehemu za chipu ambazo programu huziandikia na kuzisoma) ni chache. Kilichouma ni kazi ya binti mmoja aliyejenga sehemu nzima ya kutunza betri juu ya miundo ya faili lile. Yote iling'oka. Nilikaa naye akiifuta, kazi safi kuliko nyingi nilizozipitia, na hakuna mkubwa aliyewahi kumwambia aangalie leseni. Ndiyo maana nawasumbua.

3. Kila faili liwe na mstari wake wa SPDX, kitambulisho kifupi cha kutaja leseni yake.

4. Mnaweza kuacha faili la kampuni nje ya hazina, yaani mahali kodi ya mradi inapotunzwa, na kuweka skripti ya kulipakua kutoka kwao. Hilo linaokoa hazina tu. Binari, yaani programu iliyokwisha kukusanywa, mliyoiunganisha na kodi ya GPL bado hamwezi kuigawa.

5. Iandikieni kampuni kuomba faili hilo chini ya leseni huru za MIT au BSD ya vipengele 3, na jibu lao mlihifadhi ndani ya mradi. Wakiwapa leseni ya Apache 2.0, simameni kwanza: inakubaliana na GPL toleo la 3, haikubaliani na mradi uliofungwa kwenye toleo la 2 pekee.