Mwanabenki alipataje Nobel ya Amani?

Mkuu, umeuliza Charles Dawes, mtu wa benki wa Chicago, alipewaje Nobel ya Amani ya 1925. Jibu liko Ujerumani. Mwaka 1923 Ujerumani ilikwama kulipa fidia ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Ufaransa na Ubelgiji zikaingiza majeshi Ruhr, eneo la Ujerumani lenye makaa ya mawe, na marki, pesa ya Ujerumani, ikawa karatasi tu. Mwaka uliofuata kamati ya Dawes ikapanga malipo upya: marki za dhahabu bilioni 1 mwaka wa kwanza, zikipanda hadi bilioni 2.5 mwaka wa tano, na mkopo wa milioni 800 wa kuanzia. Majeshi yakaondoka Ruhr 1925. Nobel yake aligawana na Mwingereza, Austen Chamberlain.

Ila kwa maoni yangu ilikuwa kukopa kwa Juma umlipe Ali. Ujerumani inakopa Marekani, inawalipa Wafaransa na Waingereza, nao wanairudishia Marekani madeni yao ya vita. 1929 ukaja mpango mwingine.

Kinachonichekesha ni hiki: Dawes akiwa makamu wa Rais Coolidge wa Marekani, Machi 1925, Seneti ilifungana 40 kwa 40 juu ya uteuzi wa mwanasheria mkuu. Kura yake ndiyo ingeamua. Mzee yuko hotelini, kalala usingizi wa mchana! Kufika mbio kwa teksi, seneta mmoja keshageuza kura, uteuzi chali.

Halafu alitunga muziki pia. Melodi yake ya 1911 ilitiwa maneno baadaye, ikashika namba moja Marekani 1958, yeye akiwa kaburini miaka saba.