Mwanangu, kuhusu ile elfu hamsini

Mwanangu mpenzi,

Voisi yako nimeisikiliza. Unasema ulipanga kutoa elfu ishirini kwenye harusi ya binamu yako, ukafungua grupu la WhatsApp ukakuta wenzio wameandika hamsini, wengine mia, mjomba wako mia mbili, na wewe ukajikuta umeandika hamsini, sasa unaniuliza mama hivi huo ni ukarimu kweli au ni kuogopa macho ya watu. Nakuandikia maana kwa simu tutakatishana tu.

Kwanza usijione mnafiki. Mtu akitaka kutoa huwa anaangalia wenzake wametoaje, ndivyo tulivyo. Hata wasomi walishalipima hilo, Jen Shang na Rachel Croson, kwenye redio moja ya Marekani inayoishi kwa michango ya wasikilizaji. Mtu akipiga simu kuchangia, anaambiwa kuna mwenzako katoa dola 300, na walioambiwa hivyo wakatoa kwa wastani asilimia 12 zaidi ya wasioambiwa kitu, matokeo waliyatoa 2009. Hawamjui huyo mwenzao, wala hawatakutana naye msibani, bado ile namba imewavuta! Sasa wewe mwenye orodha ina jina la mjomba wako aliyekusomesha unategemea nini?

Na dini yetu haijakataza sadaka ya hadharani. Al-Baqara aya ya 271 inasema ukiidhihirisha ni vizuri, ukiificha ukawapa mafukara ni bora zaidi kwako. Zote mbili zimepewa nafasi yake. Jirani zetu Kenya tangu enzi za mzee Kenyatta wameita harambee, jina linatajwa na kiasi kinatajwa watu wanapiga makofi, na kuna shule na zahanati nyingi zimesimama kwa hela hizo, kwa hiyo mimi siwezi kusema kuonekana kunaharibu kila kitu. Ila ilifika mahali wakubwa wanatumia vyeo vyao kuwabana watu watoe, mpaka sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya 2003 ikaingilia kati.

Sasa hapo kwenye kubanwa ndipo ninapotaka tuongee, maana wewe umeniuliza orodha imekufanya nini, hujaniuliza namba yako imewafanya nini wengine. Ile orodha unajua inavyokwenda, mtu anakopi, anaongeza jina lake chini, anapesti, na aliyelipa anawekewa alama ya tiki ya kijani. Kwa hiyo kila anayekuja anaanza kusoma juu. Watu watano wakishaandika hamsini kwenda juu nani tena ataandika kumi? Shangazi yako mdogo, yule anayeuza vitumbua stendi, ametoka kwenye grupu usiku uleule, nimeona maandishi yale madogo tu kwamba ametoka, na hakuna aliyeuliza. Kisha asubuhi nasikia mtu anasema huyu siku zote hapendi kuchangia. Iliniuma sana.

Huyo siyo mchoyo mwanangu. Harusi ya kaka yako alikuja toka Alhamisi, akakaa kwenye mbuzi anakuna nazi za wali wa watu wote, vidole vimechubuka, akimaliza anahamia kuosha mchele, na Jumapili watu wameshaondoka yeye bado anasugua masufuria ya kukodi. Kwenye orodha ya kamati jina lake halikuwepo maana hakuna sehemu ya kuandika nazi.

Na kukimbia kwake siyo jambo geni. Kule Boston wale wa Jeshi la Wokovu husimama na kengele mlango wa supamaketi wakati wa Krismasi, watafiti wakajaribu mara nyingine wapige kengele tu mara nyingine wamuombe kila anayepita kwa mdomo. Walipoomba hela iliongezeka sana, ila karibu theluthi moja ya watu wakawa wanazunguka wanatumia mlango mwingine. Ukihesabu kilichomo kwenye ndoo tu utasema kuomba kumefanikiwa, wale wa mlango wa pili huwaoni.

Kwa hiyo jibu langu, hamsini yako ni ukarimu kama unayo na hutalala njaa wala kukopa kwenye zile aplikesheni za mikopo kwa ajili yake. Kama huna, ongea na mweka hazina umwambie ishirini, atakuelewa, ahadi siyo deni la benki. Na safari nyingine, hasa kwenye rambirambi ambako watu wana uchungu tayari, wahi kuandika mapema na uandike kiasi ambacho mtu wa chini anaweza kukifikia, yaani kumi au ishirini, halafu kama unacho zaidi mtumie mfiwa mwenyewe kwa M-Pesa bila kutangaza popote. Ukoo mzima unajua wewe umeajiriwa, ukiandika kumi wengi watapumua.

Mimi nimeshamwambia mjomba wako kwamba orodha ibaki na majina na tiki, viwango akae navyo mweka hazina kwenye daftari lake. Amekubali nusunusu, anasema hela itapungua. Inawezekana ikapungua kweli, basi tutapunguza mapambo ya ukumbini. Wewe mpigie shangazi leo jioni akishamaliza biashara, usimtaje mchango, muulize tu Ijumaa anataka nani wa kumsaidia jikoni, na umwambie mama kasema nafasi yake ipo.

Mama yako