Injini ya Mashua Ikigonga, Usianze na Silinda Hedi

Injini ya dizeli ikianza kugonga ndani ya mashua ya tanga, neno la kwanza linalosikika huku kwetu Mtwara ni kwamba imenoki, na fundi akiitwa huanza kulegeza boliti za silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda, kabla hajauliza mlio unatokea wakati gani. Nimekaa na injini hizi kwa muda wa kutosha kusema kwamba milio mingi niliyokutana nayo ilitoka nje ya injini, au kwenye mafuta, na kwamba mlio unapaswa kutambuliwa kwa sikio kwanza.

Mwenye tanga ana nafasi ambayo mwenye boti ya injini tupu hana. Ukisikia kugonga ukiwa unatoka Mikindani kurudi Mtwara mjini, punguza mwendo na utazame geji ya presha ya oili. Ikiwa presha inashuka na pigo ni zito, zima injini papo hapo na utweke tanga, hata kama kusi inakupinga na utalazimika kulala ulikotoka, kwa sababu ukiendelea kuisukuma, kazi ya kubadilisha beringi za konrodi, mikono inayounganisha pistoni na krenki, inageuka kuwa kazi ya kuipeleka krenki yenyewe, ule mhimili mkuu wa injini, karakana ikasagwe upya.

Presha ikiwa nzuri, tia nanga mahali salama, uache injini izunguke bila gia. Mlio ukipotea na kurudi pale tu unapoingiza gia, iache injini na uende nyuma yake: kaplingi inayounganisha giaboksi na shafti ya propela, shafti yenyewe, propela, na mipira inayoishikilia injini, ambayo huoza upesi ikilowa dizeli na oili. Mashua yangu iliwahi kuhukumiwa na fundi kwamba inahitaji pistoni mpya, kumbe matundu ya boliti za kaplingi yalikuwa yamelika, na kila mwendo ulipobadilika boliti ziligonga chuma.

Ukaguzi huu unategemea maji. Maji yakipwa na mashua ikakaa mchangani, zima injini, weka ufunguo mfukoni, kisha shika propela uitikise juu na chini ili ujue kama beringi ya nyuma ya shafti imelegea, na utazame kama kuna kipande cha wavu kilichojisokota. Lakini usipime unyoofu wa kaplingi hapo, kwa kuwa mashua ya mbao hubadilika umbo kidogo inapolalia mkuku, mti wake wa chini kabisa. Subiri ielee, ikiwezekana kwa siku nzima, ndipo ufungue boliti na upime kwa fila, vile vipande vyembamba vya chuma vya kupimia mianya, nafasi iliyopo kati ya nyuso mbili za kaplingi, juu, chini na pande zote mbili. Kwa kaplingi yenye kipenyo cha milimita 100, tofauti ya vipimo isizidi takriban milimita 0.1. Wako wanaopima kwa jicho wakaridhika, mimi siridhiki. Na ukisikia kugonga unapokwenda kwa tanga huku injini imezimwa, ni propela inayozungushwa na maji, basi soma kitabu cha giaboksi yako kujua kama inataka kuachwa huru au kuingizwa gia ya nyuma, kwa maana watengenezaji hawakubaliani katika jambo hili.

Mlio unaosikika hata bila gia unahitaji subira zaidi. Dizeli haiwaki mara tu inapoingia kwenye silinda. Kuna mwanya mfupi sana wa kungoja, na mwanya huo ukirefuka, mafuta hulimbikizana kisha huwaka yote kwa pamoja, nasi tunasikia pigo. Ndiyo maana injini baridi hugonga asubuhi na kutulia ikipata moto, na hilo si ugonjwa. Isipotulia, shuku nozeli, kifaa cha kupulizia mafuta ndani ya silinda, inayodondosha mafuta badala ya kuyapuliza, au pampu iliyofungwa vibaya hata ikawahisha mafuta kabla ya wakati wake.

Kwa injini za zamani zenye pampu ya kawaida, legeza nusu mzunguko nati ya bomba la nozeli moja, injini ikiwa katika mwendo wa chini, ili silinda hiyo ikose mafuta, usikilize, ukaze, kisha uhamie silinda inayofuata. Zungushia nati kitambaa, vaa miwani, wala usipeleke kidole karibu, kwa kuwa dizeli yenye presha hiyo hutoboa ngozi na jeraha lake ni la kukimbizwa hospitali. Injini mpya zenye mfumo wa kielektroniki usizijaribu kwa njia hii kabisa. Mlio ukipungua kwenye silinda fulani, badilishana nozeli yake na ya jirani, ukitumia washa mpya za shaba. Mlio ukihama pamoja na nozeli, nozeli ndiyo chanzo. Mlio ukibaki palepale, tatizo liko kwenye pini ya pistoni au konrodi.

Mafuta yenyewe yakaguliwe pia. Mashua ya tanga hukaa siku nyingi bila kuwasha injini, tangi likiwa nusu, unyevu ukigeuka maji chini yake, na siku ya mawimbi takataka zote zikapanda kwenye filta.

Kuna chanzo kimoja ambacho wengi hawakifikirii. Ukipiga stata kwa muda mrefu bila injini kuwaka huku koki ya maji ya bahari iko wazi, maji hujaa kwenye bomba la moshi na kurudi ndani ya silinda, na kwa kuwa maji hayakandamiziki, konrodi hupinda. Funga koki hiyo kila injini inapokataa kuwaka, na uifungue mara inapowaka.

Ikiwa yote haya hayakutoa jibu, vuta kijiti cha oili uone kama imekuwa nyeupe kama maziwa au inanuka dizeli, kisha kata filta ya oili na uikunjue juani kutafuta chembe za chuma. Ndipo umwite fundi, umweleze ni silinda gani, mlio hutokea kukiwa na mzigo au bila mzigo, na umtake afungue sampu, bakuli la oili chini ya injini, atazame beringi za konrodi kabla ya kugusa silinda hedi.