Ukurasa wa 67

Kibosho, Moshi

Mwanangu,

Umeniomba nikuchagulie kitabu cha kuanzia. Unasema mwaka huu ulipanga kusoma vitabu 24, tumefika Agosti umemaliza viwili, na ukishika cha tatu ama usingizi unakuja ama mkono unaifuata simu. Unataka ile hamu ya zamani irudi, ya kusoma mpaka mama yako akuite mara tatu uje kula.

Mama, kabla ya kitabu cha kuanzia kuna kile nilichokuachisha.

Unalikumbuka tranka langu la bati, la tangu enzi za ghala la kahawa? Baada ya masika nililifungua nikitafuta karatasi za kihamba, shamba letu la ukoo. Chini kabisa, chini ya madaftari ya mizani, nikakuta kile kitabu cha hadithi, Mzimu wa Watu wa Kale. Nikakaa kitandani. Unajua kilivyofika humo.

Ilikuwa mwishoni mwa Oktoba 2006. Uko kidato cha pili, mtihani wa taifa umebaki kama wiki mbili. Natoka kukata majani ya ng'ombe nakukuta nyuma ya banda, umeegemea mgomba, unasoma hadithi. Hukunisikia nikija. Nilikunyang'anya, nikasema maneno ambayo sitayarudia hapa, tena mbele ya binamu zako. Hukulia. Ulisema tu, "Baba, sijamaliza." Nami nikakujibu kwamba Bwana Msa, mpelelezi wa hadithi hiyo, hatakufanyia mtihani wa hesabu.

Pembe ya ukurasa wa 67 bado imekunjwa.

Sikuanza mwanzo. Nilianzia hapo ulipokomea, nikitaka kujua siku ile ulikuwa umekaribia kuona nini. Kurasa tatu mbele nikapotea, watu siwajui, ikabidi nirudi ukurasa wa kwanza. Maiti ya Bwana Ali imekutwa kwenye mzimu, na Bwana Msa na kiko chake anauliza vijiswali ambavyo mtu mwingine angeona aibu kuviuliza. Mara saa saba usiku. Tangu nistaafu nilikuwa nasoma magazeti na karatasi za dawa tu, lakini usiku ule nilizima taa nikaiwasha tena. Kitabu chenyewe kilitoka mwaka 1960, baada ya mtunzi wake, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, kushinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki. Miaka yote hiyo, na bado kina nguvu ya kumnyima mzee usingizi!

Asubuhi hakuna aliyeniuliza nimejifunza nini. Kitabu hakina mtihani. Bibi yako alilijua hilo kuliko sisi wote tuliokwenda shule. Yeye alijifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo, Mwalimu alipoutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Waliwafundisha kwa vitabu vya kilimo bora. Alipokwishajua, kilimo akakiacha hapo hapo, akawa anatafuta hadithi. Anasoma kwa sauti, neno moja moja, na anacheka kabla sisi hatujajua kinachochekesha.

Nimejitetea sana moyoni. Ulifaulu, ukaendelea, leo wewe ni mhandisi wa maji huko Dodoma, na huenda ukali wangu ulikusaidia. Nimejiambia hivyo miaka mingi. Lakini ulikuwa unafaulu hata kabla ya siku ile, na baada yake sikukuona tena na hadithi mkononi. Nikadhani umekua.

Halafu nikatazama ndani ya jalada. Kuna muhuri wa maktaba ya mkoa: kirudishwe 9 Novemba 2006. Mama, mbona hukuniambia kilikuwa cha maktaba? Kila Ijumaa ukitoka shule ulipitia kule, kisha ukaacha, nami nikamwambia mama yako kwamba mtoto sasa ametulia. Kumbe ulikuwa huwezi kurudi mikono mitupu. Hilo ndilo ninalolala nalo.

Kuhusu vitabu 24 nina la kusema. Nimeliandika mara mbili nikalikata. Wewe ni mtu mzima, mipango ni yako. Nasema tu kwamba kitabu hakina mtihani, na hesabu hiyo mimi naiona... basi, naacha. Aliyemuua Bwana Ali pia namjua, naye namwacha, ingawa ulimi unaniwasha.

Kesho alfajiri nampa kondakta bahasha pale stendi, nitakupigia ukaipokee jioni. Pembe sijaikunjua. Ukianzia hapo utapotea kama mimi, kwa hiyo rudi mwanzo, wala usikimbie. Krismasi ukipanda nyumbani njoo nacho, twende wote tukakirudishe. Faini ni yangu.

Baba yako